Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wangu, kaka na dada zangu, habari za majukumu. Taarifa hii ilitakiwa isomwe kwenye mkutano mkuu ila mkutano tumeuitisha mara mbili na akidi haijatimia, mara ya kwanza walikuja 19 kati ya 86, mara ya pili 23, na viti tulivyokodi vimelipiwa vyote hata vile ambavyo hakukaa mtu.

Shughuli za kawaida mnazijua. Misiba 4 tulichanga, semina ya mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, ilifanyika, wenzetu wa Buguruni tuliwatembelea, ofisi imepakwa rangi.

Sasa hili la kompyuta za ofisi, ambazo tumezitoa Windows tukaweka mfumo wa Debian, maana maneno yamekuwa mengi. Nimeambiwa nimewafungia wanachama mali yao na kwamba niliamua peke yangu. Si kweli. Kamati ya utendaji ilikaa, tulikuwa watu 4, muhtasari upo, na ningengoja mkutano wenye akidi mpaka leo ningekuwa nangoja. Hali ilikuwaje? Mashine 6, za prosesa ya Intel i5 jenereshi ya 4, tulizonunua used Kariakoo, zote zina Windows ya kuchakachua, kila anayekuja kuprinti anachomeka flashi yake, vairasi wanaingia, mafolda yanageuka shotikati, na mwezi wa 6 daftari la wanachama la miaka 3 likapotea, katibu akachapa upya wiki nzima kutoka kwenye karatasi. Juu ya hapo Microsoft wakasitisha sapoti ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia jenereshi ya 8 na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, kwa hiyo mashine zetu haizitaki hata moja. Tungenunua mpya kwa hela ipi?

Wazo la kuweka Debian lilikuwa langu, nalisema wazi. Ni Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, programu huria, leseni hailipiwi, na LibreOffice, programu yake ya kuandikia, inafungua barua zenu za Word. Nilikaa na fundi siku 3 mpaka saa 4 usiku. Akaunti ya wanachama haina ruhusa ya kuinstoli kitu chochote, ukitoka inajifuta inarudi kama mpya, kwa hiyo kazi yako ondoka nayo. Flashi inasoma dokyumenti, ila programu iliyomo ndani yake haikubali kuwaka. Kubuti, yaani kuwasha mashine, kwa flashi kumezimwa na BIOS, ile mipangilio ya mashine inapowaka, ina pasiwedi. Pasiwedi kuu ipo kwenye bahasha iliyofungwa kwa mweka hazina, siyo kwangu, hilo nalisisitiza kwa wale wanaosema nimejimilikisha.

Wanaosema vya bure havifai, Gendarmerie ya Ufaransa, askari kabisa wale, wanatumia Ubuntu, Linux nyingine, kwenye makumi ya maelfu ya kompyuta zao, na Ubuntu yenyewe imejengwa juu ya Debian. TRA, BRELA ya usajili wa biashara na NeST ya tenda za serikali zote mnaingia kwa brauza ya Firefox, hakuna kilichopungua. Nakubali skana ilisumbua wiki 2 na baadhi ya barua za zamani mistari ilihama, iliniuma sana maana kuna mwenzetu alikosa kuwahisha maombi ya tenda, nilimfuata dukani kwake nikamwomba radhi. Lakini tangu Novemba hakuna faili la ofisi lililopotea. Gemu na muvi ndo hamtaziona tena, na hapo silegezi, ile ni sehemu ya kazi.

Gharama ni diski za SSD 6 kwa 270,000 na fundi 240,000, jumla 510,000, risiti zipo. Ada tumekusanya 1,940,000 kati ya 5,160,000, deni 3,220,000, na naumia kusema kwamba wanaolalamika zaidi kuhusu kompyuta wengi wao hawajalipa hata mwezi mmoja. Elfu 5 kwa mwezi jamani. Kodi ya ofisi nimeikopesha mwenyewe mara mbili.

Mwaka huu Mungu akijalia tunafikiria kuongeza mashine, pengine na seva ndogo ya kutunza mafaili, na darasa la LibreOffice siku za Jumamosi, tutaangalia hali. Mkutano tutauitisha tena baada ya mfungo. Majina ya wanaodaiwa yako ofisini kwa katibu, na namba ya kulipia ni ileile.

Mwenyekiti