Kamati ianze na ramani ya kiwanja, sura ya jengo ifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na madiwani na maofisa wanaopitisha ramani za ujenzi katika halmashauri za Dar es Salaam. Ombi langu ni kwamba kabla kibali cha ujenzi hakijagongwa muhuri, ramani ya kiwanja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa ili majirani waione, na ofisa aende kiwanjani na futikamba mkononi.

Nimestaafu kazi ya afya ya mazingira. Nilipoanza nilikuwa naitwa bibi afya, na wengi walidhani kazi yetu ni kukagua vyoo vya hoteli na mabucha. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kusoma ramani. Faili la mwombaji wa kibali hupita kwa ofisa mipango miji, ardhi, mhandisi, zimamoto na afya, kila mmoja anaandika maoni yake na kutia saini, ndipo linafika kwenye kikao cha kamati inayopitisha vibali. Wa mipango miji anataka kujua eneo limepangwa kwa makazi au biashara. Mhandisi anafuata nguzo, nondo na msingi. Zimamoto wanatazama ngazi na mahali gari lao litakapopita. Sisi tulitafuta maji machafu yanaishia wapi, na kama kila chumba kina dirisha linaloingiza hewa ya nje.

Katika bunda lile la karatasi, zinazovuta macho ni za sura ya jengo. Siku hizi zina rangi, zimechorewa minazi na magari mbele. Ramani ya kiwanja ni karatasi moja yenye mistari myembamba: bikoni (alama za kona za kiwanja), mpaka, barabara, jengo limekaa wapi, lango, karo la maji taka, shimo la kupokea maji yake, mtaro. Mwombaji haishughulikii, na mchoraji wake mara nyingi huinakili kutoka kazi iliyopita. Nimewahi kukuta ramani ambayo barabara imechorwa nyuma ya kiwanja, mahali ambapo kwa kweli pana nyumba ya mtu na watoto wake, na tayari ilikuwa na saini tatu.

Karatasi hiyo ndiyo inayomgusa jirani. Vigae vya mwenzangu havinihusu, achague rangi aipendayo. Shimo lake la maji taka likikaribia kisima changu, hapo linanihusu, na hakuna karatasi nyingine katika faili lile itakayoonyesha vinaachana kwa umbali gani. Agosti 2015 kipindupindu kilianza hapa hapa Dar es Salaam kikasambaa mikoani. Aliyekuwa kazini wakati ule hawezi kuliona karo kuwa jambo dogo.

Chukua Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Maeneo haya yalipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Yalipimwa kwa nyumba ya chini ya familia, yenye choo chake na shimo lake ndani ya kiwanja. Leo kiwanja kile kile kinaombewa ghorofa nne, chini fremu za maduka, juu vyumba vya kupangisha. Sipingi ghorofa. Jiji limejaa, vijana wanahitaji mahali pa kukaa karibu na kazi zao, na kila tukitanuka kuelekea Kibaha na Chanika nauli inakula mshahara. Ninachosema ni kwamba watu wameongezeka mara kumi na ardhi ya kunyonya maji yao haijaongezeka hata hatua moja, kwa hiyo swali la kwanza la kikao lingekuwa hilo.

Nami naishi katika mojawapo ya maeneo hayo. Mtaa sitautaja, maana yaliyopo kwetu yapo mitaa mingi. Jengo lililopakana na nyumba yetu lina kibali, na mwenyewe ni mtu muungwana. Nilipomwomba anionyeshe ramani zake alizitoa zote, tukazitandaza kwenye meza ya chakula. Upande wetu iliandikwa mita 1.5 kutoka ukuta wake hadi mpaka. Nyuma palikuwa na karo, shimo, na njia ya gari la kunyonya maji taka. Tukatoka nje kupima. Chini, mita 1.5 ilikuwapo kamili, fundi hakudanganya. Lakini kuanzia ghorofa ya kwanza roshani zimetokeza hadi zinafika usawa wa uzio wetu, na mvua ikinyesha maji yake yanamwagika kwenye baraza tunalopikia. Tukarudi kwenye karatasi. Roshani zilikuwapo kwenye karatasi ya ghorofa ya kwanza, tena zimepimwa vizuri. Kwenye ramani ya kiwanja hazikuwapo, kwa sababu mchoraji alionyesha umbo la ghorofa ya chini tu. Zamani tulikuwa tunazipandanisha karatasi mbili na kuziinua kwenye kioo cha dirisha, na kosa la namna hiyo linaonekana papo hapo. Safari hii hakuna aliyezipandanisha.

Na ile njia ya gari la maji taka? Leo hapo kuna ngazi ya chuma na tangi la maji. Gari haliingii. Wanavuta mpira kupitia katikati ya fremu alfajiri, na yanayochuruzika yanasukumwa kwa ndoo za maji hadi mtaro wa barabarani, unaopita mbele ya meza za mama lishe. Mwenye jengo mwenyewe haipendi hali hiyo. Aliniambia kama kuna mtu angemweleza mapema angesogeza ngazi upande wa pili, nami namwamini, kwa sababu kwenye karatasi ingekuwa kazi ya kufuta mstari mmoja.

Tarehe 29 Machi 2013 lilipoanguka jengo la ghorofa 16 Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36, nchi nzima iliuliza kibali kilisema ghorofa ngapi, na ikaelezwa kwamba kilikuwa cha ghorofa 10. Ghorofa sita za ziada hazipandi kwa usiku mmoja. Watu waliokuwa wakiswali, wakifanya biashara na kusomesha watoto pale jirani walikuwa wakiziona zikipanda, lakini hawakuwa na mahali pa kusoma kwamba mwisho ni 10. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo jingine, Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa, na taarifa za siku zile zilitaja kazi iliyokuwa ikiendelea sehemu ya chini ya jengo. Hapo pia kulikuwa na macho mengi jirani. Tumezika, tumeunda tume, na bado jirani hana karatasi ya kulinganisha na anachokiona.

Bango la mradi lililo mbele ya kila jengo linamtaja mwenye mali, mkandarasi, mhandisi mshauri na mbunifu, wote wakiwa na namba za bodi zao za usajili. Ni jambo jema sana. Idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa mara nyingi huikuti pale, wala umbali wa jengo kutoka mpaka. Mkazi wa kawaida anachokijua ni X nyekundu na maneno SIMAMISHA UJENZI, na hiyo huchorwa ukuta ukiwa umeshasimama na mkopo wa benki umeshaliwa. Anaumia aliyejenga, na jirani naye hapati nafuu, kwa sababu gofu lenye X laweza kubaki miaka likifuga mbu.

Nimewahi kusikia wenzangu wakisema maofisa ni wachache, magari hayatoshi, na ukichelewesha kibali unawafundisha watu kujenga usiku na mwisho wa juma. Ni kweli, nimeyaona. Lakini kubandika karatasi hakumcheleweshi mtu, kwani faili likiendelea kuzunguka kwenye meza za maofisa, ramani inasomwa mtaani siku hizo hizo. Tena sasa maombi yanapita kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, michoro iko kwenye kompyuta tayari. Kuichapisha karatasi moja na kumpelekea mtendaji wa mtaa ni kazi ya dakika chache.

Wengine wanahofia jirani mwenye chuki. Hofu hiyo ina msingi, maana kuna mtu atapinga jengo la mwenzake kwa sababu tu limeipita nyumba yake. Jirani asipewe nguvu ya kuzuia. Apewe siku 14 za kuandika, na maoni yake yahusu yaliyomo kwenye ramani: mpaka, maji, njia, hewa na mwanga. Kamati iyajibu kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba imeyakataa. Gazeti hili hili huchapisha matangazo ya wanaoomba kubadili matumizi ya kiwanja kutoka makazi kwenda biashara, na wenye pingamizi hupewa siku za kulipeleka. Sioni kwa nini anayefungua duka la dawa atangazwe, na anayepandisha ghorofa nne juu ya ua wangu apite kimya.

Ukaguzi wa kiwanjani nauomba mara mbili. Wa kwanza kabla ya kikao, kuhakikisha bikoni zipo na barabara iliyochorwa ipo kweli. Wa pili wakati mitaro ya msingi imechimbwa na zege halijamwagwa, maana hapo kosa bado linarekebishwa kwa sururu na koleo.

Sheria mpya itachukua muda na sitaki tuisubiri. Wenyeviti wa kamati wanaweza kuanza na kikao kijacho bila bajeti yoyote. Kila faili linapofunguliwa mezani, waulize kwanza ramani ya kiwanja iko wapi, na kama umbo la kila ghorofa limechorwa juu yake, roshani zote zikiwamo. Kama halijachorwa, faili lirudishwe kwa mwombaji likiwa na maelezo ya kinachokosekana, lisubiri kikao kinachofuata.

Ofisa afya mstaafu,
Dar es Salaam