Mtoto anajibu "ça va bien" huku machozi yanamtoka

Wazazi wengi wanaoleta watoto kwenye darasa letu la Kifaransa la Jumamosi wana lalamiko moja: mtoto anahesabu mpaka ishirini, anataja rangi zote, lakini akikutana na mteja Mkongo dukani Kariakoo anajificha nyuma ya mama. Watu husema ana aibu. Mara nyingi ni kwamba amekaririshwa maneno, ila kuongea na mtu hajafundishwa.

Sisi tunaanza na salamu, na hatuiachi mpaka tumeiunganisha na hisia. Baada ya Bonjour huja Ça va?, mambo vipi, na hapo ndipo watoto wetu wanapokwama bila kujijua. Wamekulia kwenye salamu ambazo majibu yake yako tayari: ukimuuliza hujambo, atasema sijambo hata kama anachemka homa. Basi na kwenye Kifaransa kila ukiuliza unapewa ça va bien, mambo ni mazuri. Tusidanganyane, watu wazima Ufaransa nao hujibu hivyohivyo kwa mazoea. Lakini darasani tunataka mtoto aseme hali yake ya kweli, maana hapo analazimika kutafuta maneno.

Kuna binti mmoja alikaa kwenye mkeka kakunja mikono, kanuna. Mwalimu akamuuliza, Ça va? Akajibu, Non. Tu es fâchée?, umekasirika? Non. Kimya kidogo, halafu: J'ai faim. Nina njaa! Akapewa ndizi. Ghafla darasa zima likawa na njaa, J'ai faim! ikasikika mpaka barabarani, na ndizi zikaisha.

Kwenye sentensi hiyo Kiswahili kinatubeba. Tunasema nina njaa, nina kiu, nina usingizi. Kifaransa nacho kinasema j'ai faim, j'ai soif, j'ai sommeil, na mwenye hofu husema j'ai peur. Wanaopotea ni watoto waliozoea zaidi Kiingereza, ambacho hapo hutumia kitenzi cha kuwa. Hao hutuletea je suis faim, yaani "mimi ni njaa". Kwa hiyo mzazi usione haya kumfafanulia mwanao kwa Kiswahili. Je suis tunaiweka kwa hisia kama je suis triste, nina huzuni, na je suis fatigué, nimechoka.

Kazi kubwa iko kwenye jinsia. Mvulana mwenye furaha husema je suis content, na t ya mwisho haisikiki. Msichana husema contente, t inasikika. Mwalimu wetu ni mwanamke, hivyo wavulana wanamuiga na kutangaza kwa sauti kwamba wao ni contente. Ikabidi tulete mdoli wa kiume wa kuwajibia. Sasa anapendwa kuliko mwalimu.

Wazazi hutuuliza pia shikamoo inasemwaje. Haipo. Heshima iko kwenye Bonjour, madame au Bonjour, monsieur, na kutumia vous, "wewe" ya heshima, badala ya tu, "wewe" ya watu wa karibu. Salut ni ya marafiki. Kumwambia bibi wa watu Salut ni kama kumwambia "mambo". Bonsoir ni salamu ya jioni, Bonne nuit ni ya mtu anayekwenda kulala.

Wiki za mwanzo hatutumii daftari. Mtoto anayejua kusoma Kiswahili akiona salut imeandikwa ataisoma "saluti", na kuifuta hiyo kichwani ni kazi. Anatakiwa aisikie kwanza. Ile u yake tunawafundisha hivi: sema i, huku midomo umeichongoa kama unataka kupiga mluzi. Wanachekana sana, na tunawaacha.

Nyumbani si lazima ujue Kifaransa. Wakati wa chakula cha usiku muulize Ça va?, na akisema bien, ongeza Pourquoi?, kwa nini. Akichanganya Kiswahili katikati, mwache amalize. Matamshi tuachie sisi.

Tunapokea watoto wa miaka 5 hadi 9. Siku ya kwanza mzazi anakaribishwa kukaa nyuma ya darasa. Kuanzia ya pili tunaomba asubiri kibarazani, kwa sababu mtoto akiulizwa anajisikiaje, humgeukia mama kwanza, na mama naye hujibu.