Kaunti ipime udongo kabla ya kuleta katapila Dida Galgalu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wale wanaopanga miradi huku kwetu Marsabit, hasa ya nyanda za chini kuanzia Bubisa na Turbi mpaka upande wa Maikona, maana kila msimu tenda zinatolewa, silanga, yaani mabwawa ya kuchimba ya kuweka maji ya mvua, zinachimbwa, madarasa yanajengwa, na hakuna mtu anauliza huu udongo uko namna gani. Mimi ni fundi wa ujenzi. Jambo hili linaniuma kwa sababu pesa ni za wananchi na maji yanayopotea ni ya watu na mifugo.

Mtu wa mbali akisikia jangwa anafikiria mchanga. Mchanga upo sehemu zingine, lakini huu uwanda wetu wa Dida Galgalu ni mawe meusi ya volkano yametapakaa mpaka macho yanachoka, na ukiinua jiwe moja ukachimba kidogo tu unakutana na udongo wa mfinyanzi, laini, mzito, ambao ukiwa mkavu sururu inaruka na ukiwa umelowa kiatu kinabaki hapo hapo. Waliosafiri barabara ya Isiolo mpaka Moyale kabla lami haijafika wanaujua, malori yalikuwa yanalala njiani mvua ikinyesha. Hata ngamia, mnyama wa jangwa kabisa, akikanyaga huo udongo ukiwa umelowa anateleza vibaya na anaweza kuvunjika.

Huo udongo umetoka kwenye hayo mawe yenyewe. Ni lava iliyomwagika kutoka mlima Marsabit, Huri Hills na matundu mengine, ikaganda ikawa jiwe linaloitwa basalti, lenye chuma, magnesia na kalsiamu nyingi, na jiwe hilo likikaa na maji na hewa kwa miaka mingi sana linaoza. Sasa linaoza likawa nini inategemea maji. Kule kwenye mvua nyingi kama Kiambu, maji yanapita kwenye udongo yanaondoka na ile magnesia na kalsiamu, kinachobaki ni udongo mwekundu wa kutu ya chuma, mpole, unajenga juu yake bila wasiwasi. Huku chini mvua haifiki hata milimita 250 kwa mwaka, ardhi ni tambarare, maji hayana pa kwenda, kwa hiyo yale madini yanabaki pale pale na kujipanga upya kuwa mfinyanzi wa aina nyingine ambao wataalamu wanauita smektaiti. Na tukumbuke huku hakukuwa kukavu siku zote, jangwa la Chalbi lenyewe lilikuwa ziwa maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo injinia aliyezoea udongo mwekundu wa volkano asije hapa akafikiri kwa kuwa na huu ni wa volkano basi ni mambo yale yale.

Tabia ya smektaiti ni kwamba imejengwa kwa tabaka nyembamba mno, zimepangana kama kurasa za kitabu, na maji yanaingia katikati ya kila kurasa na kuzisukuma. Gramu moja tu ya mfinyanzi huu, yaani kidogo cha kushika kwa ncha ya kidole, ukitandaza hizo kurasa zote eneo lake linaweza kufika mita 700 za mraba. Ndio maana unakunywa maji na kuvimba, ukikauka unanywea na kupasuka nyufa ambazo ndama anaweza kuingiza mguu. Hatuko peke yetu, udongo wa kupasuka namna hii dunia nzima uko kama hekta milioni 335, India wanao, Australia wanao, Ethiopia wanao, na ule wa Gezira kule Sudan uliletwa na mto Blue Nile kutoka milima ya volkano ya Ethiopia. Wenzetu wamejifunza kuishi nao.

Mvua ya kwanza ikinyesha inaingia kwenye nyufa haraka, ukiangalia utasema ardhi hii inameza kila kitu, lakini baada ya muda udongo unavimba, nyufa zinafunga, na kuanzia hapo maji yanasimama juu au yanatiririka, hayaingii tena. Mvua ikiwa ndogo haifiki hata chini, inashikwa pale juu na jua linaichukua, na hata ile iliyobaki mfinyanzi umeishikilia kwa nguvu mpaka mizizi inashindwa kuivuta. Wafugaji wanajua hili miaka yote, mvua kidogo majani yanaota kwenye mchanga kwanza, mpaka inyeshe ya maana ndio huku kwenye mfinyanzi kunakuwa na malisho, na kukiwa nayo yanakaa.

Sasa nikuje kwenye silanga, maana hapo ndio pana uchungu wangu. Udongo unaovimba na kujifunga ungekuwa zawadi kwa mtu anayetaka kuweka maji, huhitaji nailoni wala simenti, ardhi yenyewe inaziba. Lakini kuna silanga moja huku kwetu, sitaitaja wala aliyeichimba, ambapo mfinyanzi ulikuwa kama urefu wa mtu mzima tu, chini yake ni lava iliyovunjika-vunjika yenye mianya, na katapila ikachimba ikapita mfinyanzi wote ikaingia kwenye mawe kwa sababu karatasi ya tenda ilisema kina fulani na malipo yanafuata kina. Wazee wa pale walisema wazi kwamba mkifika kwenye hayo mawe maji yatakimbia. Hawakusikilizwa. Mvua ilikuja, silanga ikajaa vizuri watu wakapiga picha, halafu maji yakaanza kushuka kila siku na siku nyingine, mifugo bado ikiwa inafika, mpaka pakabaki matope, na watu wakarudi kutegemea maji ya bowser, yaani lori la tangi. Jua lilichukua sehemu yake, lakini jua halimalizi silanga kwa kasi ile, maji yalienda chini kwenye mianya.

Dawa yake inajulikana na sio ghali. Chimba shimo la kupimia kwanza, sehemu kadhaa, ujue mfinyanzi unaishia wapi, halafu acha tabaka nzima ya mfinyanzi chini ya silanga bila kuigusa. Najua watasema silanga yenye kina kifupi na pana jua linaikausha haraka, na ni kweli, kwa hiyo kama lazima uingie chini zaidi basi ule mfinyanzi uliotoa usiumwage mbali, uweke kando, ukimaliza urudishe kwenye sakafu na kuta kwa tabaka nyembamba, ukiwa na unyevu kiasi, na kila tabaka ishindiliwe na rola kabla ya kuweka nyingine. Upande wa Chalbi kwenye chumvi muwe waangalifu zaidi, mfinyanzi wenye sodiamu nyingi unayeyuka wenyewe ndani ya maji na ukingo unatobolewa na mashimo kutoka ndani. Kupima ni kudondosha donge dogo kavu kwenye glasi ya maji safi bila kukoroga, maji yakianza kuwa na ukungu kuzunguka donge ujue huo udongo haufai kwa ukingo hivyo hivyo ulivyo.

Kwenye majengo ni hadithi nyingine lakini chanzo ni kile kile. Mabati hayana gata, maji yanaanguka kando ya ukuta, udongo wa nje unavimba na kuinua kuta wakati ule wa katikati ya sakafu uko mkavu, kiangazi kikija wa nje unanywea kuta zinashuka, na ukiona ufa umeanzia kona ya dirisha unapanda kwa mshazari kama ngazi basi ni hiyo. Kupiga plasta upya ni kutupa pesa, msimu ujao ufa unarudi. Toa huo udongo wote wa mfinyanzi mpaka ufike kwenye mwamba au murramu, jaza murramu na ushindilie, na kama ni mrefu sana hauishi basi jengo zima likae juu ya slabu moja yenye nondo. Weka mkanda wa zege chini na juu ya madirisha, weka gata na tangi, zungusha sakafu ya zege nje ya ukuta, na miti ipandwe mbali. Kwa barabara za vijijini chokaa ikichanganywa asilimia chache inatuliza huu udongo, kalsiamu yake inashika zile kurasa zisifunguke ovyo.

Na jambo lingine, jamani tuache kukwangua mawe ya juu kila mahali eti tunasafisha uwanja. Yale mawe yanashika vumbi la upepo ambalo linateremka chini yake, yanazuia matone ya mvua yasigonge udongo moja kwa moja, ukiyaondoa upepo unaanza kazi na mvua inaacha gamba gumu ambalo hata mbegu haipenyi.

Ninachoomba kwa kaunti ni kitu kimoja. Tenda yoyote ya silanga, darasa, zahanati au barabara kwenye hizi nyanda isitolewe kabla ya shimo la kupimia kuchimbwa mbele ya watu wa pale na matokeo yake kuandikwa kwenye karatasi za tenda. Kipimo cha kuvimba hakihitaji maabara ya Nairobi. Chukua udongo mkavu uliochekechwa, gramu 10 kwenye mrija wa kupimia wa mililita 100 wenye mafuta ya taa na gramu 10 kwenye mwingine wenye maji, uache saa 24. Mafuta ya taa hayaingii katikati ya zile kurasa kwa hiyo udongo unakaa kama ulivyo, kwenye maji unavimba, na ukiona wa kwenye maji umezidi ule mwingine kwa zaidi ya nusu basi ni udongo wa hatari na msingi wa kawaida hautoshi. Hiyo ni kazi ambayo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya na mwalimu wake akaandika majibu. Kama kuna injinia wa kaunti anasoma barua hii aje tu, kuchimba hilo shimo tutamchimbia sisi wenyewe bila malipo.

Fundi wa ujenzi,
Marsabit