Wanaoogesha mbwa kuchangia vituo vya wanyama wafunzwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie siku za kuogesha mbwa zinazoandaliwa ili kuchangia vituo vinavyotunza wanyama waliotelekezwa. Ni njia nzuri ya kupata fedha. Mwenye mbwa analipia huduma anayoihitaji, kituo kinapata cha kununulia chakula na chanjo, na watu wa kujitolea hawakosekani kwa kuwa kazi yenyewe inapendeza. Lakini mara nyingi watu hao hukabidhiwa mpira wa maji na chupa ya shampuu asubuhi ileile, bila maelekezo yoyote, na kumwogesha mbwa usiyemjua ni kazi tofauti kabisa na kumwogesha wa kwako. Ombi langu kwa waandaaji: tengeni muda wa saa mbili siku moja kabla muwafunze watu, na idadi ya mbwa mtakaowapokea ipangwe kwa kuangalia uwezo wenu wa kukausha.

Nianze na hilo la kukausha, maana ndilo linalovuruga siku nzima. Kumpaka sabuni na kumsuuza mbwa wa wastani huchukua kama dakika 15. Kumkausha kwa taulo hadi kwenye ngozi kunaweza kuchukua dakika 25, na mwenye manyoya mazito ya tabaka mbili huzidi hapo. Sasa piga hesabu: mabeseni manne yasiyosimama yanatoa mbwa 16 kwa saa, ilhali wakaushaji wanne hawamalizi hata 10. Wanaobaki wanasimama wakitetemeka, wanaanza kubwekeana, wenye mbwa wanachoka, na mwenye haraka anaondoka na mbwa aliyelowa. Kila beseni liwe na wakaushaji wawili, na kila mbwa ahesabiwe taulo tatu. Mbwa 40 ni taulo 120, nazo zikusanywe wiki kadhaa kabla. Taulo iliyokwisha kulowa husambaza maji tu. Manyoya marefu yaminywe, yasisuguliwe, kwa sababu kusugua kunayasokota upya.

Mashine ya kukaushia ya joto isielekezwe kamwe kwa mbwa aliyefungiwa kwenye kizimba. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, na njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema. Hewa ya moto ikimzunguka hana pa kupeleka joto, na wenye pua bapa kama bulldog na pug huzidiwa mapema kuliko wote. Kivuli, feni ya hewa ya kawaida na maji ya kunywa vinatosha.

Mezani pa kuandikisha ndipo hatari nyingi huzuiwa. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ionekane kwa macho, isiwe maneno ya mdomo. Aulizwe mwenye mbwa kama ametia dawa ya viroboto ya matone mgongoni, kwa sababu dawa nyingi za aina hiyo zinataka mbwa asiogeshwe siku mbili kabla na siku mbili baada ya kutiwa. Aulizwe pia kuhusu vidonda, mba, kikohozi, na kama mbwa amewahi kung'ata. Watoto wa mbwa ambao hawajamaliza chanjo zao wabaki nyumbani: kirusi cha parvo huvumilia mazingira kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haikiui. Kwa sababu hiyohiyo mbwa wa kituo wasichanganywe na wa wageni siku hiyo, hata kama inavutia kuwaonyesha kwa wanaotaka kuwachukua. Picha zao ukutani zitafanya kazi hiyo.

Kabla ya maji, chanuo. Manyoya yaliyoshikana yakilowa hukaza kama kamba, na sabuni iliyonaswa ndani haitoki. Fundo lisilochanulika liachwe, mwenye mbwa aelezwe. Mkasi mikononi mwa asiyezoea huishia kukata ngozi, ambayo huvutwa juu ndani ya fundo bila kuonekana.

Kila beseni liwe na mkeka usioteleza. Mbwa anayeteleza huogopa, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata. Watu wawili kwa kila mbwa, mmoja ameshika, mwingine anaosha, na aliyeshika asiache mkono hata kidogo. Mbwa asifungwe shingoni kwenye beseni. Maji yawe vuguvugu, yapimwe kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, yasizidi nyuzi 38. Maji yaanzie miguuni yapande polepole. Povu la kwanza lipigwe kuzunguka shingo nyuma ya masikio, kwa sababu viroboto wakihisi maji hukimbilia kichwani na pete hiyo ya povu huwazuia. Ndipo ufuate mgongo, tumbo, miguu na mkia. Uso ufutwe kwa kitambaa chenye maji matupu. Tundu la sikio la mbwa hushuka kisha hupinda, hivyo maji yakiingia hayatoki kirahisi, na unyevu huo hulea fangasi na bakteria. Pamba ikiwekwa mlangoni mwa sikio isisukumwe ndani, na mtu mmoja awe na jukumu la kuhakikisha zote mbili zimetoka.

Kusuuza kuchukue muda mrefu kuliko kupaka sabuni. Maji yanayotiririka yakiwa safi bado si uthibitisho. Pitisha vidole makwapani, kwenye kinena, chini ya mkia na katikati ya vidole vya miguu. Panapoteleza pana sabuni. Sabuni iliyobaki huwasha, mbwa hujilamba na kujikuna hadi ngozi ichubuke, na lawama hupelekwa kituoni.

Shampuu iwe ya mbwa. Ngozi ya binadamu ina asidi zaidi, na shampuu zetu zimetengenezwa kuifuata. Ya mbwa iko karibu na katikati kwenye kipimo cha asidi (pH). Sabuni ya vyombo nayo huondoa mafuta ya ngozi yote. Shampuu nzito huchanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na hapa pana kosa ambalo watu wengi hawalijui: mchanganyiko uliobaki kutoka hafla iliyopita usitumike. Shampuu iliyokwisha kuongezwa maji na kukaa inaweza kuota bakteria, hasa aina ya Pseudomonas, ambao wakisuguliwa kinyume na uelekeo wa manyoya huingia kwenye vinyweleo. Siku moja au mbili baadaye mbwa anapata vidonda vyenye maumivu makali mgongoni, pamoja na homa. Changanyeni asubuhi ile, kwenye chupa safi, na jioni mmwage kinachobaki. Dawa za viroboto msizitumie kabisa siku hiyo. Hamjui mbwa ametiwa nini nyumbani, na dawa za permethrin za mbwa zinaweza kumuua paka anayelala naye.

Wafunzwe pia kusoma mwili wa mbwa. Kupiga miayo, kulamba pua mfululizo, kugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, mkia uliobanwa: hapo punguza kasi. Akikakamaa ghafla na kunyamaza, simamisha maji na umrudishe mbwa kwa mwenyewe. Kifunga mdomo kiwe cha kikapu, ambacho humwezesha kuhema, na akivalishe mwenye mbwa. Aking'ata, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi ya chanjo ipo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya kichaa kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Mwenye michubuko mikononi avae glavu, kwa sababu ya leptospira, bakteria wa ugonjwa wanaoweza kuwa kwenye mkojo wa mbwa.

Kukata kucha na kukamua tezi za mkunduni kusiwe kwenye orodha ya huduma, isipokuwa akiwepo daktari wa mifugo au mtu mwenye ujuzi. Kucha nyeusi haionyeshi mshipa ulipo, na damu ya mbwa mmoja hufukuza foleni nzima.

Kila baada ya mbwa, beseni lioshwe kwa sabuni kwanza, kisha lipakwe klorini ya kufulia sehemu moja kwa maji sehemu 30, likae dakika 10, lisuuzwe. Klorini juu ya uchafu haina nguvu, na ndiyo maana sabuni hutangulia. Dakika hizo 10 zinahitaji mabeseni ya akiba, jambo ambalo waandaaji husahau kulipangia. Maji machafu yasielekezwe kwenye mtaro unaoishia mtoni.

Fedha zipokelewe mezani tu, kwa risiti, na zihesabiwe na watu wawili. Malipo yafuate ukubwa wa mbwa na wingi wa manyoya.

Mwisho, kila mwenye mbwa apewe karatasi ndogo anapoondoka: kwa siku mbili amwangalie mbwa kama anatikisa kichwa, anakuna sikio, mkia umelegea hauinuki, au mgongo unauma ukiguswa. Iwe na namba ya simu ya kituo, na awepo mtu wa kuipokea.

Mwogeshaji mbwa wa kujitolea