Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wauza Dagaa, Mwaloni Kirumba

Ndugu wanachama wenzangu, wazee wetu, kina mama na vijana,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha. Tulilipa pango la ofisi, tulifanya usafi wa eneo letu, tulihudhuria vikao vya soko, na tulifika kwenye misiba saba tukiwa na rambirambi ya shilingi 300,000 kila msiba. Ada zilizokusanywa ni 6,845,000. Rambirambi zilichukua 2,100,000, pango 1,440,000, mfumo wa kompyuta 1,600,000 na mengineyo 905,000. Salio ni 800,000. Mweka hazina anazo stakabadhi zote na yuko tayari kuulizwa.

Sasa nije kwenye huo mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wanachama na ada, maana najua ndicho kilichowaleta wengi leo. Nimeyasikia yanayosemwa kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, kwamba mwenyekiti amechukua fedha za misiba akampa kijana wa kompyuta. Maneno hayo yameniumiza, na nayajibu hapa mbele yenu.

Mwaka juzi mama mmoja wa mstari wetu alifiwa na mumewe huko Igoma. Tulipokaa kupanga rambirambi, katibu akafungua daftari. Kurasa zilikuwa zimelowa mvua na kugandana, wino umesambaa. Mama yule alikuwa ameandikwa sehemu tatu: kwa jina lake, kwa jina la mwanawe, na kwa jina la marehemu mumewe. Kote alionekana anadaiwa. Hatukutoa kitu. Wiki tatu baadaye kishina cha stakabadhi kikapatikana ndani ya droo, kumbe alilipa mwaka mzima. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akaniletea kiti, nami nilishindwa kumtazama usoni. Siku ile niliamua kwamba daftari lile halitaamua tena msiba wa mtu.

Wapo waliouliza kwa nini tusimtumie kijana wa mwenzetu, angetupangia majina kwenye Excel bure. Sina neno naye, ni kijana mwema. Lakini kazi ya bure haina mkataba. Tulishawahi kufanyiwa kazi kwa mdomo tu, na mtu alipohama mji aliondoka na nywila, yaani maneno ya siri, tukabaki na kompyuta tusiyoweza kuifungua. Safari hii nilisimamia mwenyewe kila kifungu: taarifa ni mali ya chama, nywila zinakabidhiwa kwa kamati, malipo ni awamu tatu za 800,000. Awamu ya mwisho sijaitoa mpaka mafunzo ya katibu na mweka hazina yakamilike.

Mbunifu wa mfumo tuliyemchagua kati ya watatu hakugusa kompyuta kwa wiki mbili. Alikaa na katibu akiuliza: ada inalipwaje, nani anapokea, mtu akilipa nusu inaandikwaje, aliyehamia Ukerewe anabaki mwanachama? Wengine walidhani anapoteza muda. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Kanzidata aliyotujengea, yaani hifadhi ya kumbukumbu zetu ndani ya kompyuta, ina orodha ya wanachama, orodha ya malipo na orodha ya misiba, na zote zinaungana kwa namba ya uanachama. Nilipendekeza tutumie namba ya simu, akanionyesha kwamba watu hubadilisha laini, na wapo mke na mume wanaotumia simu moja. Nilikubali. Malipo yakishaingia hayafutiki. Yakirekebishwa, jina la aliyerekebisha linabaki. Kila jioni inatolewa nakala rudufu, na nakala moja hailali ofisini.

Alituzuia pia kukusanya mambo tusiyoyahitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatugusa na sisi: taarifa za mtu huchukuliwa kwa sababu inayoeleweka na hulindwa. Kwa hiyo tumeondoa kabila na dini kwenye fomu.

Mnasema hamkushirikishwa. Ndugu zangu, tuliitisha mikutano miwili makusudi siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi ya dagaa haiendi ziwani na mizigo ni michache. Tuko 186, akidi, yaani idadi ya chini ya kuhalalisha mkutano, ni 93. Mkutano wa kwanza walikuja 41, wa pili 38. Katiba inasema akidi ikikosekana mara mbili mfululizo kamati iamue, nayo ikaamua. Wanaolalamika zaidi nimetafuta majina yao kwenye mahudhurio yote mawili, sikuyaona.

Na ada! Kwa 5,000 kwa mwezi tulipaswa kupata 11,160,000. Tumepungukiwa 4,315,000, na wanaodaiwa ni 97, zaidi ya nusu yetu. Zamani kupata hesabu hii kulimchukua katibu siku tatu. Juzi aliitoa mbele yangu kabla chai haijapoa. Sitasoma majina leo. Kila mmoja atapewa karatasi yake mkononi, na mwenye kishina kinachopingana na mfumo akilete, tutarekebisha papo hapo.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuongeza vichanja, kutafuta turubai za mvua na kuangalia uwezekano wa kupata stoo yetu wenyewe.

Wanachama 23 bado hawajachukua namba zao za uanachama. Ofisi itakuwa wazi Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Mama yule wa Igoma alichukua yake siku ya kwanza, ni namba 1.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Mwanza