Mrisho, huyu si mtoto wa chui

Urambo, Jumatano usiku

Ndugu yangu Mrisho,

Salamu tele. Sisi wazima, mama ana mafua tu. Hicho kimya chako tutakigombania ukija.

Nina shida. Kuna mnyama wa madoadoa anapita kule mbugani nyuma ya shamba la Baba Zaituni. Kuku wamepotea, basi imeshakuwa "mtoto wa chui", na eti mama yake yuko njiani. Sasa wanataka kutega nyama yenye sumu.

Mrisho, nimemwona kwa macho yangu. Ni mondo, yule paka-mwitu! Miguu mirefu utadhani kaiazima, masikio makubwa yamesimama, mkia mfupi wenye pete nyeusi. Chui hata akiwa mdogo mkia wake mrefu, na akikua madoa yake hujipanga duaraduara. Ya mondo ni vitone vilivyojaa. Nimeeleza mpaka koo limekauka, mara shemeji yako akadakia kwamba huenda ni simbamangu. Simbamangu hana madoa kabisa! Ni mwekundu-kahawia, na masikioni ana vishungi vyeusi. Sawa, ni ndugu wa karibu wa mondo, wao na yule paka wa rangi ya dhahabu wa misitu ya Kongo na Uganda. Chui yuko mbali nao, ni wa upande wa simba. Lakini nani asikilize ukoo wakati kuku hawaonekani?

Kinachoniuma ni panya. Chakula cha mondo hasa ni hao: anatulia nyasini, anamsikia hata aliye shimoni, kisha anaruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Msimu uliopita panya walimmalizia Baba Zaituni karanga, na leo anataka kumuua mlinzi asiyedai mshahara. Sikatai, kuku naye anamla. Ila lile banda unalijua, hata mbuzi angepenya. Na hiyo sumu mbwa wetu si wataila pia?

Wewe umesoma mambo ya wanyama, mimi wananiona mropokaji. Unaweza kunitumia picha kubwa za mondo, chui na simbamangu kabla ya kikao cha Jumamosi? Au umpigie mzee mwenyewe? Bado una namba yake? Na treni je, unakuja lini? Migebuka usisahau, asali yako ipo.

Wako,
Kassimu