Kadirio la programu si ahadi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie lawama inayotuandama sisi watengenezaji wa programu za kompyuta, kwamba tunataja bei na tarehe ambazo hatuzitimizi. Kwa sehemu kubwa lawama hiyo ni ya haki. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 14, na mara nilizochelewa ni nyingi kuliko nilizowahi. Ninachopinga ni sababu inayotolewa, kwamba tunachelewa kwa uvivu au kwa tamaa ya kuongezewa fedha, kwa kuwa mtu akishaamini hivyo, dawa anayoitafuta ni kumbana fundi ataje tarehe moja na kuitilia saini, na dawa hiyo ndiyo inayozidisha ugonjwa.

Mazungumzo ya kwanza huwa hivi. Mteja anaeleza kwa dakika kumi anachokitaka, kisha anauliza kitachukua muda gani na kitagharimu kiasi gani. Fundi anajibu kwamba ni mapema mno kusema. Mteja anamtuliza: "Nipe makisio tu, sitakushikilia." Fundi anasema miezi mitatu. Wiki inayofuata miezi hiyo mitatu imo katika bajeti, baada ya hapo imo katika mkataba pamoja na adhabu ya kuchelewa, na lile neno "makisio" halionekani tena popote. Ahadi ni deni, nami sina ugomvi na msemo huo. Ugomvi wangu ni kuandikiwa deni kabla sijaahidi kitu.

Barry Boehm, mtaalamu wa Kimarekani aliyechapisha mwaka 1981 kitabu kizito kuhusu gharama za programu, alionyesha kwa mchoro kwamba kadirio linalotolewa mradi ungali wazo tu laweza kukosea mara nne, kwa juu au kwa chini. Kazi iliyokadiriwa miezi minne, basi, huenda ikachukua mwezi mmoja au miezi 16. Upana huo hupungua kadiri mahitaji yanavyochambuliwa na maamuzi yanavyofanywa. Haupungui kwa sababu mkubwa fulani amegonga meza.

Nitoe mfano mmoja. Taasisi moja ilinipa kazi ya kuhamisha kumbukumbu zake kutoka katika lahajedwali la zamani, yaani jedwali la kompyuta lenye safu na mistari, kwenda katika mfumo mpya, nami nikakadiria siku mbili. Asubuhi ya kwanza nilikuta katika safu ya tarehe pameandikwa 04/05/2011. Je, hiyo ni tarehe 4 Mei au tarehe 5 Aprili? Mistari iliyosomeka 25/05 ilijieleza yenyewe, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, lakini ile ambayo namba zote mbili hazikuzidi 12 haikueleweka, nayo ilikuwa maelfu. Programu ya kuzisoma tarehe hizo niliiandika kwa nusu saa. Siku 11 zilizofuata zilikwenda katika kuwatafuta makarani walioziingiza, ambao mmoja wao alikuwa amekwisha kustaafu, na katika kulinganisha mistari na stakabadhi za karatasi, hadi nilipogundua kwamba safu ya mwisho kabisa, ambayo kila mtu aliidhania haina maana, ilikuwa na herufi za mwanzo za jina la mwingizaji, na kwamba ni karani mmoja tu aliyezoea kutanguliza mwezi.

Kukadiria muda wa kuandika hakunipi shida. Kilichonipita ni kazi ambayo sikujua ipo, na hapa ndipo wanaotulinganisha na mafundi ujenzi wanapoteleza. Anayejenga nyumba ya kumi kwa ramani ileile anajua matofali yatakwisha lini. Programu iliyokwisha kuandikwa haijengwi tena; hunakiliwa kwa sekunde chache, bila gharama. Kinachobaki kulipiwa ni ile sehemu ambayo haijawahi kufanywa, angalau si kwa mteja huyu na kumbukumbu zake hizi.

Mradi ukichelewa, wakubwa huongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta za kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kufanya hivyo huuchelewesha zaidi, na hesabu yake ni nyepesi: watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili, watu 10 wanazo 45, na wageni wote hufundishwa na walewale waliokwisha kuelemewa.

Nasi tuna makosa yetu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba mtu hukadiria kwa kutazama mpango wake ukienda sawa, badala ya kuuliza kazi za namna hiyo zilimalizika vipi huko nyuma. Ndivyo tulivyo. Wengi wetu hatuna hata daftari la makadirio ya zamani na matokeo yake. Pia tunaogopa kukosa zabuni, maana asemaye wiki 5 hadi 9 hupitwa na asemaye wiki 4, hata kama wote wawili wanajua kwamba wiki 4 hazitoshi.

Napendekeza mteja alipie kwanza uchunguzi mfupi, wiki mbili hivi, fundi afungue kumbukumbu halisi na kuzungumza na watakaoutumia mfumo, ndipo kadirio litolewe, na liwe la namba tatu. Jeshi la Majini la Marekani lilianza kutumia kanuni ya namna hiyo mwaka 1958: muda mfupi kabisa, jumlisha mara nne ya muda unaotarajiwa zaidi, jumlisha muda mrefu kabisa, kisha gawanya kwa 6. Kwa wiki 4, 6 na 14 jibu ni wiki 7, yaani zaidi ya ile 6 ambayo fundi angeitaja akibanwa. Kila mwezi hesabu irudiwe. Kama tarehe haiwezi kusogea, wakubaliane mapema ni sehemu zipi za mfumo zitakazosubiri.

Zaidi ya hayo, mteja adai kwa maandishi orodha ya mambo ambayo hayamo katika bei: kuhamisha kumbukumbu, kufundisha watumiaji, kurekebisha hitilafu baada ya uzinduzi, kusubiri majibu yake yeye mwenyewe. Fundi mzoefu anaweza kuiandika palepale, kwa kuwa hakuna hata moja humo ambalo halijawahi kumchelewesha.

Wako,
Mtengenezaji wa programu